Lenzi Pana: Namna ya Kuwaingiza Wote Pichani

Mama mpendwa, je, umewahi kusimama mlangoni na kamera mkononi, mgongo umegota ukutani, na bado shangazi na watoto wawili hawaonekani pichani? Wengi wetu tunaijua hali hiyo. Sebule zetu ni ndogo na familia zetu ni kubwa. Siku ya ubatizo, ya kipaimara au ya kumvisha binti pete, watu hujaa hadi kwenye mikono ya makochi, naye mpiga picha hana pa kurudi nyuma.

Jambo hilo lilinisumbua kwa muda mrefu, maana kupiga picha za harusi na za sherehe za kanisani ndiyo shughuli inayoniongezea kipato nyumbani. Hatimaye nikanunua lenzi pana ya zumu, nikadhani shida imekwisha. Sikujua kwamba lenzi hiyo ina tabia zake, na kwamba tabia hizo zingekuja kumhuzunisha mama mkwe wangu.

Swali la Mama

Ilikuwa siku ya kipaimara cha mtoto wetu wa kwanza. Tulikuwa watu 16 sebuleni. Mama alikuwa amesafiri kwa basi kutoka kijijini, na kwa unyenyekevu wake akakaa mwisho kabisa wa benchi, upande wa dirisha. Niliifungua lenzi hadi mwisho wa upana wake, nikafurahi kuona kila mtu ameingia, nikapiga.

Baada ya wiki mbili tulimpelekea Mama picha ile ikiwa imesafishwa na kutiwa kwenye fremu. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kumbe nimevimba hivi, nanyi mnaninyamazia?"

Mama ana shinikizo la damu, na miguu yake huvimba mara kwa mara. Aliona jinsi uso wake ulivyotanuka pichani na mkono wake ulivyonenepa, akaamini kwamba ugonjwa umepanda hadi usoni na sisi wanawe tunamficha. Mama hakuwa amevimba uso hata kidogo. Aliyemvimbisha ni mimi, kwa lenzi niliyoinunua kabla sijaielewa. Ndiyo maana nimeona vema kuwaeleza akina mama wenzangu yale niliyojifunza baadaye.

Lenzi pana ni nini?

Kila lenzi ina namba ya milimita. Namba ikiwa kubwa, lenzi huvuta vitu vya mbali. Ikiwa ndogo, huona eneo pana. Kamera ya Leica iliyoanza kuuzwa mwaka 1925, ambayo iliwazoesha watu wengi kutumia filamu ya milimita 35, ilikuwa na lenzi ya milimita 50, na hata leo 50 huhesabiwa kuwa lenzi ya kawaida. Picha ya filamu hiyo ina upana wa milimita 36. Kamera kubwa za siku hizi zina kipande cha ndani cha kupokea mwanga chenye upana huo huo, na kwa kamera hizo lenzi iliyo chini ya milimita 24 huitwa pana sana. Ikiwa ni ya zumu, waweza kuzungusha pete yake, kwa mfano kutoka 16 hadi 35, bila kubadili lenzi.

Lakini kamera nyingi za bei nafuu zina kipande kidogo zaidi, chenye upana wa milimita 22 hadi 24 hivi. Kwa kamera hizo, lenzi ya milimita 10 ndiyo inayolingana na ile ya 15 au 16 katika kamera kubwa.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Chukua umbali kati yako na watu, zidisha kwa upana wa kipande cha ndani, kisha gawanya kwa namba ya lenzi. Tuseme umesimama mita 2 kutoka kwenye benchi na kamera yako ni ya kipande cha milimita 24. Kwa lenzi ya 18, ambayo ndiyo huja na kamera nyingi, utapata upana wa mita 2.7 hivi, yaani watu watano waliobanana. Kwa 12 utapata mita 4, watu wanane. Kwa 10 utapata karibu mita 5. Pima sebule yako kwanza, na utajua kama kweli unaihitaji lenzi hiyo.

Simu nyingi za miaka hii nazo zina kamera pana, inayofunguka ukibonyeza alama ya 0.5 au 0.6. Simu ya iPhone 11 ya mwaka 2019, kwa mfano, ilikuja na kamera ya pili inayolingana na milimita 13. Baadhi ya simu hujaribu kuzirekebisha kingo zenyewe, lakini mengi nitakayoyasema juu ya lenzi yanahusu simu pia.

Kabla ya kutoa fedha

Lenzi ni chombo cha gharama, na fedha ya nyumba ni ya ada, chakula na matibabu kwanza. Ukitaka kuinunua kwa ajili ya biashara, zungumza na mwenzi wako, na usikope kwenye kikundi kwa matumaini ya wateja ambao bado hawajafika. Ikiwezekana, azima au kodi kwa mpiga picha mwingine kwa sherehe moja au mbili. Ukishaamua, zingatia yafuatayo.

Kwanza, hakikisha lenzi inaivaa kamera yako. Canon EF-S 10–18 iliyotoka mwaka 2014 ni nyepesi, gramu 240, na inafaa sana kwa kamera za Canon za EF-S zenye kipande kidogo, lakini haiingii kwenye zile kubwa za filamu au kipande kizima. Nikon AF-P DX 10–20 ya mwaka 2017 ni nzuri vilevile, ila baadhi ya kamera za zamani za Nikon haziwezi kuiendesha. Nenda dukani na kamera yako, uijaribu pale pale.

Pili, angalia namba ya f, inayoonyesha tundu la lenzi. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya f/2.8 huingiza mwanga mara nne ya ile ya f/5.6, hivyo husaidia kwenye kanisa lenye giza au ukumbini usiku, lakini huwa nzito na ghali. Lenzi mbili nilizozitaja zina tundu dogo, ila zinatuliza mtikisiko wa mkono. Kumbuka tu kwamba hazimtulizi mtoto anayekimbia.

Tatu, ikiwa ni ya mtumba, imulike kwa tochi uone ndani. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, nao hupenda sehemu zenye unyevu kama pwani. Zungusha pete uone kama inakwama. Kisha piga picha ya ukuta wa matofali au vigae kwa f/8, uikuze, ulinganishe pembe zote nne. Pembe moja ikiwa na ukungu kuliko zingine, huenda lenzi iliwahi kuanguka. Ukishainunua, usiifungie kwenye kabati lenye unyevu. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya vitakusaidia, ila viweke mbali na watoto.

Jaribio la machungwa

Nilirudi kwa Mama nikiwa na kamera na machungwa mawili. Maneno matupu yasingetosha, maana mgonjwa anayedhani anafichwa husikia kila faraja kama uongo. Niliweka chungwa moja katikati ya meza na jingine mwishoni, yote kwa umbali ule ule, nikapiga kwa milimita 10. Kwenye kioo cha kamera chungwa la katikati lilikuwa la mviringo. La ukingoni lilikuwa limekuwa yai lililolala. Mama aliliangalia chungwa mezani, akaangalia kioo, akaliangalia tena chungwa. "Basi mimi nilikuwa hili la pembeni," akasema, akacheka.

Sababu yake ni hii. Lenzi hizi hutengenezwa ili mstari ulionyooka, kama ukuta au nguzo, ubaki umenyooka pichani. Gharama yake ni kwamba kadiri kitu kinavyokaa mbali na katikati ya picha, ndivyo kinavyovutwa kuelekea nje. Kwa milimita 10 kwenye kamera ndogo, kichwa kilicho ukingoni kabisa huwa kipana zaidi ya mara moja na nusu kuliko inavyostahili. Kwa milimita 16 kwenye kamera hiyo hiyo, ongezeko hushuka hadi kama robo. Fanya jaribio hili mezani kwako kabla ya kumpiga mtu yeyote.

Namna ya kuitumia

Usiifungue lenzi kupita mahitaji. Anza na 16 au 18, na upanue kidogo kidogo mpaka watu wameingia na pande zote mbili pamebaki nafasi tupu ya mtu mmoja. Nafasi hiyo utaikata baadaye. Badala ya safu moja ndefu, panga safu tatu: watoto mkekani, wazee kwenye kochi, vijana wamesimama nyuma. Wazee, wagonjwa, wajawazito na watoto wachanga wakae katikati. Mwishoni simamisha vijana wembamba, wageuke upande kidogo.

Shika kamera ikiwa imenyooka, usawa wa kifua cha aliyekaa. Ukiiinamisha kutoka juu, vichwa vitakuwa vikubwa na miguu mifupi. Ukiielekeza juu, kuta zitaonekana zinaangukia ndani.

Usimsogelee mtu mmoja usoni kwa lenzi hii. Kilicho karibu hukuzwa mno, na bibi harusi atapata pua asiyokuwa nayo. Kwa uso wake rudi kwenye lenzi ya 50 au zaidi. Lenzi pana itumie kwa ukumbi uliopambwa, kwa kanisa lililojaa, au kwa meza ya chakula.

Flashi ndogo ya juu ya kamera haifiki kote, na lenzi yenyewe huweza kutupa kivuli cha duara chini ya picha. Fungua mapazia, au tumia flashi ya nje ukiielekeza kwenye dari jeupe.

Na ukienda matembezini, kumbuka kwamba vya mbali hupungua. Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, huonekana kama kichuguu ukiupiga kwa milimita 10. Weka kitu karibu mbele yako, kama ua, jiwe au mtoto aliyesimama katikati, ndipo picha ipate uzito.

Mama wa nyumba naye aingie

Fungua albamu za nyumbani kwako uhesabu picha ulizomo. Akina mama wengi hawamo, kwa kuwa wao ndio walioshika kamera au waliokuwa jikoni. Lenzi pana inaweza kukusaidia hapo, kwa sababu kamera yaweza kukaa karibu. Iweke kwenye stendi ya miguu mitatu, au juu ya kabati imara, tega saa ya kamera kwa sekunde 10, kisha nenda ukakae mahali ulipojiachia. Piga tatu au nne, maana daima kuna aliyefumba macho. Watoto wako watakapokuwa watu wazima, watakutafuta kwenye picha hizo.

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi (1 Wakorintho 12), aliwakumbusha kuwapa heshima zaidi wale wanaoonekana wanyonge. Mimi nimelikumbuka neno hilo mara nyingi nikiwa na kamera. Mnyenyekevu hukaa pembeni mwenyewe, wala hatalalamika. Ni kazi ya mwenye kamera kumwona na kumwomba asogee.

Siku ile ya machungwa tulipiga picha nyingine uani kwa Mama, na majirani wakaitwa. Nilimwomba akae katikati, wajukuu miguuni pake. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali. Picha hiyo ndiyo iliyopo ukutani kwake sasa. Ile ya kwanza hakuitupa, ameiweka kabatini, na wageni wakija huitoa, akawaambia, "Huyu ni mimi nikiwa chungwa." Shinikizo la damu bado analo, na kila mwezi tunampeleka kliniki. Tukirudi, tunamweleza namba aliyopimwa, iwe nzuri au mbaya, na hajauliza tena kama tunamficha.