Sensa ya oksijeni iliyoganda: Subira ni nafuu kuliko nguvu

Taa ya rangi ya chungwa yenye picha ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, familia nyingi huizoea tu. Gari linatembea, watoto wanafika shuleni, sokoni mnakwenda na kurudi. Kinachokuja kuwashtua ni mafuta. Tenki lililotosha wiki nzima sasa linaishia Alhamisi, na hela ya petroli inaanza kumega hela ya mboga.

Moja ya sababu za hali hiyo ni sensa ya oksijeni. Ni kifaa kidogo, kinachofanana kiasi na plagi, kilichofungwa kwenye ekzosi, yaani bomba la moshi. Kazi yake ni kupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi na kuipa taarifa kompyuta ya gari, ili injini ipewe petroli inayostahili. Sensa ikichoka, kompyuta hubaki kukisia, na injini inaweza kumiminiwa mafuta kuliko inavyohitaji.

Kifaa hiki si kigeni. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kukitengeneza kwa wingi mwaka 1976, na magari ya kwanza kukitumia yalikuwa ya Volvo. Magari mengi ya petroli ya leo yana sensa mbili au zaidi: moja kabla ya kisafisha moshi, ambacho mafundi hukiita masega, na nyingine baada yake.

Kununua sensa mpya ni jambo la siku moja. Kasheshe ni kuitoa ya zamani.

Kwa nini inaganda

Sensa hukaa mahali penye joto kali kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya gari. Kila siku chuma kinapata moto, kinatanuka, kisha kinapoa na kusinyaa. Ongeza maji ya mvua na tope, au hewa ya chumvi kwa wanaoishi pwani, na kutu hujaa kwenye nyuzi zinazoishikilia. Baada ya miaka kadhaa, sensa na bomba huwa kama kitu kimoja.

Hapo ndipo hasara huanzia. Mtu anakamata spana, anavuta kwa hasira, kona za sensa zinalika au nyuzi za bomba zinakwanguka. Kazi iliyokuwa ya sensa sasa imekuwa ya sensa, bomba na mchomeleaji.

Pima kabla ya kufungua

Kabla ya kugusa spana, gari lisomwe kwa mashine ya kupima. Hata mashine ikitaja sensa, hiyo haimaanishi sensa imekufa. Waya uliokatika, fyuzi iliyoungua au ekzosi inayovuja vinaweza kuleta ujumbe uleule. Mzazi ana haki ya kumuuliza fundi: "Umeangalia waya na fyuzi? Bomba halivuji?" Swali hilo la dakika moja linaweza kuokoa ada ya shule.

Watoto mbali

Kazi hii ikifanyika nyumbani, mambo matatu hayana mjadala.

La kwanza ni moshi. Kwa kuwa bomba likipata joto sensa hulegea kwa urahisi, injini huwashwa kwa muda kabla ya kazi. Isiwashwe ndani ya banda au gereji, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wa gari una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo huweza kudhurika mapema. Gari litolewe nje, mbali na madirisha ya nyumba.

La pili ni jeki. Jeki ni ya kunyanyulia gari, si ya kulala chini yake. Gari lisimame mahali tambarare na pagumu, breki ya mkono ivutwe, matairi yanayobaki chini yawekewe kizuizi, na gari likae juu ya stendi za chuma. Matofali ya saruji yanaweza kupasuka ghafla bila onyo.

La tatu ni kuungua. Bomba la moto halibadiliki rangi, na mtoto mdogo hawezi kulitofautisha na la baridi. Wadogo wakae ndani na mtu mzima mwingine hadi kazi iishe.

Namna ya kuitoa

Jioni, gari likiwa limepoa, dawa ya kulegeza kutu ipuliziwe pale sensa inapoingia kwenye bomba, kisha iachwe hadi asubuhi. Isipuliziwe kwenye bomba la moto, kwani inaweza kushika moto. Usiku mmoja wa kusubiri hufanya kazi ambayo mikono miwili haiwezi.

Asubuhi, dawa iliyomwagika pembeni ifutwe. Kisha gari liwashwe nje kwa dakika chache likiwa bado chini, lizimwe, ndipo linyanyuliwe ikiwa ni lazima. Katika magari mengi sensa ya mbele hufikiwa kwa kufungua boneti tu. Glavu nene zivaliwe, na miwani ya kukinga macho, maana kutu hudondoka.

Soketi ya waya wa sensa ichomolewe kwanza. Sensa nyingi hutumia spana namba 22. Spana ya mdomo wazi ndiyo inayokula kona. Inayofaa ni soketi maalumu yenye mpasuo ubavuni wa kupitisha waya. Kama sensa ya zamani haitarudishwa, waya wake unaweza kukatwa ili spana ya duara iingie vizuri na kushika pande zote sita.

Sensa ikianza kusogea, isizungushwe moja kwa moja. Ilegezwe robo mzunguko, irudishwe kidogo, iongezwe dawa bomba likiwa limepoa, kisha ilegezwe tena. Mlio wa kukwaruza ni taarifa kwamba nyuzi zinaumia, si ishara ya kuongeza nguvu. Hapa haraka haraka kweli haina baraka.

Mpya ikiingizwa, ianzwe kwa vidole hadi ikae sawa, ndipo spana ifuate. Sensa nyingi mpya huja na mafuta ya kuzuia kuganda kwenye nyuzi. Yasifike kwenye ncha, kwa sababu yataiharibu.

Ikikataa kabisa

Siku mbili za dawa na joto zikipita bila mafanikio, gari lipelekwe kwa fundi mwenye mtungi wa gesi ya kuchomelea. Atalipasha moto eneo linaloshika sensa, na mara nyingi hulegea. Nyuzi zikiwa zimeharibika, zinaweza kusafishwa kwa kifaa cha kuchonga nyuzi, au kitako kipya kikachomelewa kwenye bomba.

Kuna njia za mkato za kukataa. Moja ni kuziba tundu kienyeji na kuendelea na safari. Moshi unaovuja chini ya gari unaweza kupenya ndani, walipokaa watoto, madirisha yakiwa yamefungwa. Nyingine ni kushauriwa kung'oa masega "ili taa izime". Masega yana madini ya thamani, na faida ya kuyatoa huenda isiwe ya mwenye gari.

Kazi ikiisha, fundi aoneshe sensa ya zamani, afute ujumbe kwenye kompyuta na kuwasha gari mbele yenu. Jazeni tenki, andikeni kilomita, mjaze tena baada ya wiki na kulinganisha. Matumizi yakiwa hayajashuka, rudini kwa fundi mapema, kabla hamjaizoea taa nyingine.