Gemu ya saa 50 au 190? Piga hesabu kabla hujashika pedi

Kama umemaliza KCSE na unasubiri kuitwa chuoni, au uko kampasi pale DeKUT na umejinunulia PlayStation ya mitumba kwa pesa ulizobana muhula mzima, kuna swali ambalo mabeshte zako hawakuulizi wanapokusifia gemu mpya. Itakuchukua saa ngapi kuimaliza?

Kwa wanaocheza soka, swali hili halina uzito. Mechi ya EA FC au eFootball huisha baada ya dakika chache, aliyefungwa anaacha pedi, anayefuata anakaa. Ndiyo maana vibanda vya gemu kuanzia Nyeri mjini hadi Karatina, Kerugoya na Nanyuki vinapenda mpira. Mteja analipa, anacheza, anaondoka.

Mambo hubadilika ukiingia kwenye gemu za ulimwengu wazi. Hizi ni zile ambazo unapewa mji mzima au nchi nzima, uzurure utakavyo, na hadithi inakungoja palepale ulipoiachia. Mifano unaijua: Grand Theft Auto, Red Dead Redemption, The Witcher, Zelda, Spider-Man. Gemu kama hizi hula wiki nzima, nyingine miezi. Na kwa kijana wa huku mlimani, saa hizo zina bei. Unazilipia kibandani, unazilipia kwa bando, au unazilipia kwa kazi ya nyumbani iliyolala bila kufanywa.

Kumaliza ni kumaliza nini?

Ukiwauliza wachezaji wawili walitumia muda gani kumaliza gemu moja, mmoja atakuambia saa 30, mwingine saa 80, na wote watakuwa wanasema kweli. Tofauti ni mahali walipoweka mwisho.

Kuna mwisho wa kwanza, ambapo unafuata hadithi kuu tu mpaka majina ya waliotengeneza gemu yaanze kupita kwenye skrini. Kuna mwisho wa pili, ambapo unafuata hadithi kuu pamoja na misheni za kando zinazokuvutia. Na kuna mwisho wa tatu, wa asilimia 100: kila misheni, kila mnyama, kila hazina iliyofichwa kichakani.

Hebu tazama San Andreas, ambayo ilitoka mwaka 2004 kwenye PS2 na hadi leo haijafa huku kwetu. Hadithi ya CJ huchukua saa 30 hivi. Ukitaka asilimia 100, hesabu saa 80 au zaidi, kwa sababu itabidi upulizie rangi michoro 100 ukutani, upige picha 50, uokote viatu vya farasi 50 na uzamie chaza 50 majini. Ukimaliza yote, unaongezewa dola milioni moja za gemu, na nyumbani kwa CJ unakuta kifaru na ndege ya kivita. Raha ipo, lakini saa 50 zimekwenda.

GTA V ya mwaka 2013 haiko mbali sana na hapo: saa 30 na kidogo kwa hadithi kuu, zaidi ya 80 kwa kila kitu. Red Dead Redemption 2, iliyotoka Oktoba 2018, ndiyo inayowashika wengi bila kutarajia. Hadithi yake ina sura sita, na baada ya sura ya sita kuna hitimisho lenye sehemu mbili. Kuna wanaodhani wamemaliza, kumbe bado. Hadithi pekee ni saa 50 hivi, na kila kitu ni kama saa 190. The Witcher 3 ya mwaka 2015 inafanana nayo: saa 50 kwa hadithi, zaidi ya 170 kwa anayetaka yote.

Takwimu hizi hutokana na saa ambazo wachezaji wenyewe huandika kwenye mtandao wa HowLongToBeat. Zichukulie kama makadirio. Anayeruka mazungumzo atakuwa chini yake, na anayesimamisha farasi kutazama machweo atakuwa juu. Kuna mabingwa wa mbio wanaomaliza hadithi ya San Andreas kwa chini ya saa tano, lakini hao wameikariri gemu kama sala.

Ukitaka mfano wa karibu, tazama dirishani asubuhi mawingu yakiwa yameondoka. Watu wengi wanaoupanda Mlima Kenya kupitia Naro Moru, Sirimon au Chogoria huishia kilele cha Lenana, mita 4,985. Wakishuka, wanasema wameupanda mlima, na hakuna anayewabishia. Batian, yenye mita 5,199, ndicho kilele cha juu kabisa, lakini kinataka kamba, ujuzi wa kuparamia miamba na siku za ziada. Anayekwenda Lenana na anayekwenda Batian hupanga safari tofauti tangu wakiwa chini. Balaa ni kwa anayejikuta njiani bila kuamua anaelekea kilele kipi.

Saa hizo ni siku ngapi?

Saa 190 ni namba tu mpaka uigawe kwa maisha yako. Tuseme unacheza saa mbili kila jioni, bila kukosa. Hadithi ya San Andreas itakuchukua siku 15. Hadithi ya Red Dead 2 itakuchukua siku 25. Red Dead 2 yote, siku 95. Kwa mwanafunzi wa kampasi, hiyo ni zaidi ya wiki 13, yaani karibu muhula mzima. Ndiyo kusema ukianza wiki ya kwanza ya masomo, utakuwa unatafuta mnyama wa mwisho wakati wenzako wanatafuta namba za viti vya mtihani.

Kama unacheza wikendi peke yake, saa nne kwa wiki, hizo saa 190 ni wiki 47 na ushee. Mwaka umeisha.

Wewe wa sekondari nawe una hesabu yako. Kwanza, GTA, Red Dead na The Witcher 3 zimewekewa alama ya watu wa miaka 18 na zaidi, na alama hiyo haikuwekwa kwa mapambo. Pili, likizo za Aprili na Agosti huwa kama wiki tatu kila moja. Kwa saa mbili kwa siku, una saa 42 mkononi ukiondoa siku za kutumwa. Marvel's Spider-Man ya mwaka 2018 inaingia hapo vizuri sana: saa 17 hivi kwa hadithi, na 35 hivi kwa kila kitu. Unaweza kuimaliza yote na bado ukafanya kazi ya likizo. Horizon Zero Dawn ya mwaka 2017 pia hadithi yake huishia kwenye saa 20 na kitu.

Likizo ya Novemba na Desemba ndiyo ndefu, na wengi huiwekea gemu kubwa. Lakini unajua vizuri kwamba msimu mkuu wa kahawa huku ni Oktoba hadi Desemba. Kama kwenu ni Mathira, Othaya au Mukurwe-ini, siku hizo 60 unazozihesabu, mzazi naye anazihesabu kwa ndoo za kahawa. Usipange kana kwamba zote ni zako.

Ukilipa kwa saa

Si kila mtu ana mashine nyumbani. Tuseme kibanda unachokwenda kinatoza Sh50 kwa saa. Hadithi ya San Andreas itakugharimu Sh1,500. Red Dead 2, hadithi pekee, ni Sh2,500. Ukitaka asilimia 100 ya Red Dead 2, ni Sh9,500. Weka bei halisi ya kibanda chako uone inafika wapi.

Tatizo la kibanda si pesa tu. Gemu ndefu inahitaji kukukumbuka kesho. Kwenye PS2, kila kitu hukaa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ya MB 8, na ukiitumia na watu kumi, ipo siku mmoja ataseivu juu ya kazi yako. Kwa hiyo kama unacheza gemu ya hadithi kibandani, muulize mwenye kibanda faili yako itakaa wapi. Kwenye PS4, omba ufunguliwe akaunti yako peke yako. Kwenye PS2, nunua kadi yako uwe ukiibeba mfukoni.

Halafu kuna stima. San Andreas ya PS2 haiseivu yenyewe. Lazima ufike kwenye nyumba yenye alama ya diski. Stima ikipotea baada ya misheni tatu ngumu, misheni hizo zimekwenda. Huku kwetu, msimu wa mvua, desturi nzuri ni kuseivu kila unapomaliza misheni moja. San Andreas ya simu, iliyotoka Desemba 2013, inaseivu yenyewe, na simu ina betri. Kwa mtu asiye na mashine, hiyo ndiyo njia rahisi zaidi ya kuona mwisho wa hadithi ya CJ.

Kwa mwenye mashine nyumbani, bili ya stima si ya kuogopesha. PS4 na runinga ndogo hula kama wati 150, kwa hiyo saa 50 za kucheza ni yuniti saba au nane za tokeni. Kinachouma ni kupakua. Red Dead 2 inazidi GB 100. Kabla hujajaribu kuivuta kwa bando la simu, tafuta diski, au mtu mwenye waifai isiyo na kikomo. Diski ina faida nyingine: ukimaliza, unaiuza au unabadilishana na mwenzako, na pesa inaanza kurudi.

Urefu si utamu

Kampuni za gemu hupenda kujisifu kwa urefu. Januari 2022, Techland ilitangaza kwamba kumaliza kila kitu kwenye Dying Light 2 kunahitaji angalau saa 500. Wachezaji wengi hawakufurahi, na kampuni ikalazimika kueleza kwamba hadithi kuu ni saa 20 hivi, na ukiongeza misheni za kando ni saa 80. Kumbe gemu ni ileile, ila tangazo lilikuwa limehesabu mwisho wa tatu.

Nintendo nao waliweka mbegu 900 za Korok kwenye Zelda: Breath of the Wild ya mwaka 2017. Mbegu 441 zinatosha kupanua mikoba yako yote. Anayejitesa kukusanya zote 900 hupewa zawadi inayofanana na kinyesi cha dhahabu. Watengenezaji wenyewe wanakuambia, kwa mzaha, kwamba hukulazimika.

Tuna methali kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwenye gemu methali hiyo imewaponza wengi. Mtu amechoka na The Witcher 3 tangu saa ya 60, lakini anaendelea kwa sababu eti ameshaanza. Saa ulizokwisha kutumia hazirudi hata ukimaliza. Kinachohesabika ni kama saa ijayo bado utaifurahia.

Hata hivyo, usiache hadithi katikati bila sababu. Kwenye PlayStation, kila kikombe huonyesha ni asilimia ngapi ya wachezaji wamekipata. Fungua gemu yoyote kubwa utazame kikombe cha kumaliza hadithi. Mara nyingi utakuta hata nusu ya wachezaji hawakifikii. Watu wengi wamelipia hadithi ambazo hawajui zilivyoisha.

Panga hivi

Amua mwisho wako kabla ya kuanza. Kama ni hadithi kuu, ifuate, na misheni ya kando ichukue ile inayokuita kweli. Gawanya saa za gemu kwa saa unazoweza kucheza kwa siku, uone tarehe ya kumaliza. Ikiangukia katikati ya mitihani, au siku ya kuripoti chuoni, chagua gemu fupi zaidi.

Usiache misheni nusu nusu. Kama unarudi bwenini kwa miezi mitatu, malizia sura, kisha andika mistari miwili kwenye daftari: umefika wapi, unamfuata nani, na kitufe gani kinafanya nini. Ukirudi hutalazimika kuanza upya, jambo ambalo huwapotezea watu saa nyingi kuliko misheni yoyote.

Cheza gemu kubwa moja kwa wakati mmoja. Mwenye tatu kwa pamoja hamalizi hata moja.

Na kama unaisubiri GTA VI, ambayo Novemba 2025 Rockstar waliisogeza hadi Novemba 19, 2026, angalia kalenda. Tarehe hiyo inaangukia kwenye msimu wa KCSE na wa kahawa. Pesa unaweza kuanza kuweka sasa. Saa nazo anza kuzitafutia nafasi, maana hizo huwezi kukopa kwa beshte.