Nota Katika Kishikwambi

Neno kishikwambi lilienea nchini wakati wa Sensa ya mwaka 2022. Katika kwaya, kama za Kilutheri za Iringa na za Kimoravian za Mbeya, kifaa hicho chaweza kushika nafasi ya kabrasha la nyimbo. Hapo istilahi yahitajika, kwani nota ina maana mbili: alama ya sauti, kama d, r, m, na karatasi nzima ya wimbo. Mwalimu akiagiza, “Futa nota hiyo,” mwimbaji aweza kufuta wimbo wote. Twapendekeza nota ibaki alama. Wimbo ulioandikwa uitwe andiko la nota, na programu tumizi inayoyatunza maandiko hayo iitwe maktaba ya nyimbo. Istilahi hukubalika kwa kutumiwa. Twangoja maoni ya walimu wa kwaya.