Ngome Iliyoitwa Biashara

MWAKA 371, askari wa Roma walijenga ngome kando ya mto Danube, karibu na mji wa sasa wa Esztergom, Hungaria. Kazi ilichukua siku 48. Jiwe walilochonga linaitaja kwa jina la Commercium, yaani Biashara, na kueleza kuwa ilijengwa kwa ajili hiyo.

Kaisari Valentinian wa Kwanza, aliyeanza kutawala mwaka 364, alikuwa akijenga ngome kwenye mito ya Rhine na Danube ili majimbo ya Roma yapate tena usalama. Mito hiyo ilikuwa mpaka, lakini mpaka wenye wateja ng'ambo.

Upande wa mashariki, mdogo wake Valens aliligeuza soko kuwa silaha. Katika vita vyake na Wagothi, kuanzia 367 hadi 369, alizuia biashara mpaka wakakosa mahitaji muhimu na kuomba amani. Walipatana ndani ya mashua katikati ya mto, maana kiongozi wao Athanaric alikataa kukanyaga ardhi ya Roma. Biashara ikaruhusiwa katika miji miwili tu ya mtoni. Mfanyabiashara yeyote wa mpakani anajua maana yake: anayeshika geti ameshika bei.

Mwaka 376, Wagothi wengi walifika mtoni wakiwakimbia Wahun. Valens akawaruhusu kuvuka. Chakula kilipopungua, makamanda Lupicinus na Maximus waliona faida. Walikusanya mbwa, wakawauzia wenye njaa: mbwa mmoja kwa mtumwa mmoja. Hata watoto wa wakubwa walichukuliwa. Mwandishi wa zama hizo, Ammianus Marcellinus, askari wa zamani asiyekuwa na huruma nyingi kwa Wagothi, aliiita biashara ya aibu, kwa neno lilelile lililochongwa kwenye ngome.

Baadaye, nje ya mji wa Marcianople, katika Bulgaria ya leo, Wagothi waliomba kuingia wanunue chakula. Wakazuiwa langoni. Ugomvi ukawa mapigano, mapigano yakawa vita.

Tarehe 9 Agosti 378, karibu na Adrianople, theluthi mbili ya jeshi la Valens iliangamia. Yeye mwenyewe aliuawa na mwili wake haukupatikana. Mwaka 382, Roma ilikubali Wagothi wakae upande wake wa mto, wakitoa askari kwa Kaisari.