Utumbo wenye saratani una mafuta tofauti, na vijana wa Sagana hii inawahusu

WIKENDI ikifika, mji wa Sagana hujaa magari. Kuna wanaotoka Nairobi kuja kuteremka mto kwa maboti ya mpira, kuna wanaopita tu kwenda Karatina na Nyeri, na karibu wote husimama kula. Nyama choma, chipsi, samaki wa kukaanga. Kwa yule ambaye mfuko umekauka, kuna smoki na kachumbari kando ya barabara.

Hakuna anayewaza kuhusu utumbo mpana akiwa na sahani mbele yake. Ukiutaja mezani utaambiwa unyamaze, watu wanakula. Lakini ndani ya utumbo huo kuna stori ya mafuta ambayo wanasayansi wameanza kuisoma kwa makini, na inafaa mbogi yenu iijue.

Desemba 2024, jarida la kitabibu la Gut lilichapisha utafiti uliofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha South Florida pamoja na hospitali ya Tampa General, Marekani. Walichukua vipande vya uvimbe kutoka kwa wagonjwa 81 wa saratani ya utumbo mpana. Kisha, kwa mgonjwa yule yule, wakachukua kipande cha utumbo ambacho hakijaguswa na saratani. Hapo ndipo uzuri wa utafiti wenyewe ulipo: hulinganishi mtu na mtu, mmoja mla nyama na mwingine mla mboga, bali utumbo wa mtu mmoja, upande mzima na upande mgonjwa.

Tofauti ilionekana kwenye mafuta. Tusielewane vibaya, hapa si mafuta ya kitambi. Kila seli mwilini imezungukwa na ukuta mwembamba uliotengenezwa kwa mafuta, na mwili hukata vipande vya ukuta huo na kuvigeuza kuwa ujumbe. Mafuta ya kundi la omega-6, hasa asidi ya arakidoni, hutoa ujumbe wa kuwasha moto: damu ije, seli za kinga zije, kuna shida hapa. Ndiyo inflamesheni, ile hali unayoiona kidonda kikianza kuvimba na kuwa chekundu. Mafuta ya omega-3 kwa upande wake hutoa ujumbe wa kuzima moto kazi ikiisha, na kuanza ukarabati.

Kwenye utumbo mzima, pande hizi mbili husawazishana. Kwenye uvimbe wa saratani, watafiti walikuta wa kuwasha ni wengi na wa kuzima wamepungua. Ni kama kidonda kisichopona.

Sasa ngoja kidogo kabla hujatupa chupa ya mafuta jikoni kwa mama. Seli za saratani zina tabia moja ya ajabu: hujitengenezea mafuta zenyewe. Seli nyingi za kawaida hutegemea zaidi mafuta yanayoletwa na damu kutoka kwa chakula, ila seli ya saratani inagawanyika haraka na kila seli mpya inahitaji ukuta, kwa hivyo huwasha kiwanda chake cha ndani. Maanake ni kwamba sehemu ya mafuta yanayopatikana ndani ya uvimbe imeletwa na saratani yenyewe, si chipsi za jana. Utafiti wa vipande vya uvimbe unaweza kukuonyesha hali ilivyo. Hauwezi peke yake kukuambia nani alianza. Video nyingi za TikTok kuhusu jambo hili zinateleza hapo hapo.

Kuna jambo lingine ambalo Wamarekani hawawezi kutusemea. Kwao, omega-6 nyingi hutoka kwa mafuta ya soya na mahindi. Hapa Kenya, mafuta mengi ya kukaangia, yale ya bei ya chini tunayopimiwa dukani, ni ya mawese kutoka ng'ambo. Mawese yana omega-6 kidogo tu ukilinganisha na soya, lakini yamejaa mafuta mazito, ile aina inayoganda asubuhi ya baridi ya Nyeri. Kwa hivyo kichwa cha habari cha Florida hakiwezi kuhamishwa kizimakizima hadi Sagana. Tunahitaji watu wapime matumbo ya hapa, kwa chakula cha hapa.

Na samaki je? Sagana ina historia yake. Kituo cha kufuga samaki kilianzishwa hapa 1948, sawa na kile cha samaki aina ya trauti cha Kiganjo, na hadi leo kituo cha Sagana ni cha utafiti na mafunzo ya ufugaji wa samaki. Ni rahisi kusema basi, tule samaki tupate omega-3. Ukweli una mikunjo zaidi. Trauti wa maji baridi ya milimani ana mafuta mengi ya omega-3. Tilapia wa kufugwa anayo kidogo, na kiasi chenyewe hutegemea alilishwa nini. Ukimzamisha kwenye karai la mafuta yaliyokaangiwa tangu asubuhi, hesabu inabadilika tena. Omena, ambao vijana wengi wa Mlima wanawadharau, wanamshinda tilapia wa kidimbwi kwa omega-3.

Wanaouza vidonge vya mafuta ya samaki kama kinga pia wapunguze kelele. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa 2018 liliwapa omega-3 watu waliowahi kuwa na polipu, yale manundu madogo ambayo huweza kugeuka saratani. Idadi ya waliopata polipu tena haikupungua.

Mimi naona habari kubwa zaidi iko kwa mafuta ambayo huyali kabisa. Ukila githeri, njahi, nduma au sukuma wiki, kuna makapi ambayo tumbo halisagi. Yakifika utumbo mpana, bakteria huyachachusha na kutoa asidi fupi ya mafuta iitwayo butireti. Hiyo ndiyo chakula kikuu cha seli za utumbo mpana zenye afya. Seli za saratani hupenda sukari zaidi, na butireti ikirundikana ndani yao huzuia ukuaji wao.

2015, watafiti walibadilisha chakula cha watu 20 weusi wa Pittsburgh, Marekani, na watu 20 wa mashambani Afrika Kusini, kwa wiki mbili tu. Wamarekani walipewa chakula chenye makapi mengi na mafuta machache, Waafrika wakapewa chakula cha Kimarekani. Butireti ya Wamarekani ilipanda zaidi ya mara mbili na dalili za inflamesheni zikashuka. Ya Waafrika ilipungua kwa nusu. Wiki mbili! Muda mfupi kweli.

Wazo lenyewe lilizaliwa hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi miaka mingi hospitali ya Mulago, Kampala, aliona kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu kwa Waafrika. Mwaka wa 1971 aliandika akihusisha jambo hilo na makapi ya chakula. Hakuwa sahihi kwa kila kitu. Lakini angesimama leo kando ya barabara mpya ya Kenol-Sagana-Marua, angeona tunachokula.

Kuhusu smoki, tuseme wazi. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka nyama iliyosindikwa, yaani soseji, smoki, bekoni na wenzao, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani mwaka huo wa 2015. Gramu 50 kila siku huongeza hatari kwa takriban asilimia 18. Si ati watu 18 kati ya 100 wataugua. Ni nyongeza juu ya hatari ndogo uliyokuwa nayo. Smoki moja baada ya mechi haitakuua. Smoki kila jioni kwa miaka kumi ni hesabu nyingine.

Kwa nini haya yaandikwe kwenye ukurasa wa vijana? Kwa sababu ugonjwa wenyewe unazidi kuonekana kwa watu wa umri mdogo. Muigizaji Chadwick Boseman wa Black Panther alifariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43, na aligunduliwa 2016. Mwaka wa 2021 Marekani ilishusha umri wa kuanza uchunguzi kutoka 50 hadi 45. Kijana wa miaka 27 akiona damu kwenye choo, jambo la kwanza kuambiwa ni bawasiri au amiba. Mara nyingi ni kweli. Tatizo ni pale dawa ya amiba inanunuliwa mara ya tatu na damu bado inatoka, na bado hakuna aliyemchunguza.

Damu isiyokoma, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kukonda bila sababu, uchovu wa kupungukiwa damu: hayo ni ya kupeleka hospitali, si duka la dawa. Kuna kipimo rahisi cha kinyesi cha kutafuta damu isiyoonekana kwa macho. Kikiwa na shida, au dalili zikiendelea, hufuata kolonoskopi, kamera nyembamba inayopitishwa kwenye utumbo, na polipu ikipatikana hutolewa hapo hapo kabla haijawa kitu kingine. Kwa wakazi wa Sagana, hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko Nyeri ina kitengo cha saratani.

Na uliza nyumbani. Ikiwa mzazi au ndugu yako wa tumbo moja aliwahi kuugua saratani hii, kawaida madaktari hutaka uanze kupimwa ukiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliokuwa nao alipogunduliwa, lolote litakalotangulia. Babako aligunduliwa akiwa na 45? Basi wewe ni 35.