Homoni za Kuzuia Mimba kwa Wanaume

Masahaba waliotaka kuepuka mimba walifanya azli, yaani kumwaga manii nje. Jabir bin Abdillah (r.a.) amesimulia kuwa walifanya hivyo zama za Mtume (s.a.w.), Qur'ani ikiteremka. Maulamaa wengi wakaijuzisha kwa ridhaa ya mke.

Je, homoni zina hukumu hiyo? Mwanamume anapopewa testosteroni, ubongo husita kuziamrisha korodani, na baada ya miezi kadhaa mbegu hupungua sana au hukoma. Akiacha dawa, kwa kawaida hurejea, nako huchukua miezi.

Mwaka 1988, huko Kuwait, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliharamisha kukata uzazi kabisa pasi na dharura, likaruhusu kuuzuia kwa muda kwa masharti: pawe na haja ya kisheria, mume na mke waridhiane, na pasiwe na madhara.

Kwa kuwa homoni huzuia kwa muda, zaelekea kukisiwa na azli. Lakini sharti la madhara ni zito. Utafiti wa sindano kwa wanaume 320, uliochapishwa mwaka 2016, ulisitishwa kabla ya wakati kwa sababu ya madhara, yakiwemo huzuni na kubadilika kwa hisia. Jeli ya kupaka mabegani ingali inajaribiwa.

Basi ajichomaye testosteroni bila daktari asijitetee kwa azli: hana hakika ya kinga, na anauhatarisha mwili aliopewa kwa amana.

Wallahu a'lam.