Je, Wajua? Tairi Nalo Lina Msimu Wake

Gari dogo lenye uzito wa tani moja na ushei hushika barabara kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Breki, usukani na injini, vyote hufanya kazi kupitia viganja hivyo vinne. Hata hivyo, wengi wetu tukifika dukani tunauliza saizi na bei, tunalipa, tunaondoka. Haya hapa ni mambo ambayo tairi lenyewe lingetuambia kama tungeinama na kulisoma.

Je, wajua kwamba majira ya mwaka ndiyo yaliyokuwa adui wa kwanza wa mpira?

Mpira mbichi, kama unavyogemwa mtini, hulainika na kunata wakati wa joto, na wakati wa baridi hukakamaa na kupasuka. Viatu na makoti ya mpira yaliyouzwa Marekani katika miaka ya 1830 yaliharibika namna hiyo hiyo mikononi mwa wateja. Mwaka 1839 Charles Goodyear aligundua kuwa mpira ukichanganywa na salfa kisha ukapashwa moto, huiacha tabia hiyo. Hakutajirika kwa ugunduzi wake. Alikufa mwaka 1860 akiwa na madeni. Kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa na watu wengine mwaka 1898, kwa heshima yake.

Lakini ugomvi wa mpira na hali ya hewa haukuisha kabisa. Hadi leo mpira laini hufaa baridi na mpira mgumu hufaa joto, na hakuna mchanganyiko mmoja unaoshinda pande zote mbili.

Je, wajua kwamba kuna nchi ambako mwenye gari huwa na seti mbili za matairi?

Tairi la kwanza la theluji lilitengenezwa Finland mwaka 1934, na kampuni inayojulikana leo kama Nokian. Lilikuwa la malori. La magari madogo lilifuata mwaka 1936. Tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, hata kama theluji haijaanguka. Ndiyo maana katika jimbo la Quebec, Kanada, sheria inataka magari yavalishwe matairi ya theluji kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi.

Ndugu zetu walioko huko wakinunua, waitafute alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Alama hiyo hutolewa kwa tairi lililopimwa kwenye theluji. Herufi M+S peke yake hazithibitishi kipimo hicho, na tangu 1 Oktoba 2024 Ujerumani haizikubali tena peke yake pale sheria inapodai tairi la majira ya baridi.

Je, wajua kwamba matairi ya theluji yamo mitaani kwetu?

Siku moja, kwenye banda la fundi pancha jijini Dar es Salaam, nilimkuta kijana akichagua matairi manne ya mtumba. “Kaka, haya bado mapya, cheki kashata,” fundi alimwambia. Kweli, kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara, zilikuwa zimejaa. Nilipoinama nikaona kila kashata imechanjwa chale nyembamba zilizokaribiana kama meno ya chanuo. Nikabonyeza kwa ukucha, mpira ukabonyea. Ubavuni pameandikwa STUDLESS, na saizi inaishia na herufi Q.

Hayo ni matairi ya theluji kutoka Japani. Zamani Wajapani walitumia matairi yenye vipini vya chuma, lakini vipini hivyo vilikwangua lami na kujaza vumbi katika miji kama Sendai na Sapporo, hadi mwaka 1990 nchi ikapitisha sheria ya kulizuia vumbi hilo. Zikaenea tairi zisizo na vipini, zenye mpira laini sana na chale za kung’ata barafu. Gari likiuzwa huku kwetu, mara nyingine huja nazo miguuni. Kwenye lami ya joto kashata hizo laini huyumba unapokata kona, huisha haraka, na breki zake si za kutegemea. Nilipomweleza kijana yule, fundi alisema kwa upole, “Mzee, sisi tunauza kinachokuja.” Kijana akahamia kwenye rundo jingine.

Je, wajua kwamba saizi ya tairi inataja pia mzigo na mwendo?

Chukua 175/65 R14 82S, saizi iliyozoeleka kwenye magari madogo. Upana wake ni milimita 175. Kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. R inaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 14 ni inchi za rimu. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo penye kosa.

Namba 82 maana yake tairi hilo linabeba kilo 475, kwa hiyo yote manne hayapaswi kubeba zaidi ya kilo 1,900, gari lenyewe likiwa ndani ya hesabu. Herufi S ni kikomo cha mwendo wa kilomita 180 kwa saa. T ni 190, H ni 210, V ni 240, na ile Q ya matairi ya theluji ni 160. Anayepakia magunia ya viazi aiangalie namba kwanza. Anayesafiri masafa marefu kwa mwendo mkali aanze na herufi.

Matairi mengi ya magari madogo yana pia neno TEMPERATURE likifuatwa na A, B au C. Hicho ni kipimo cha kustahimili joto: A ndiyo bora, C ni kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Muscat, herufi hiyo moja ina uzito kuliko maua yote ya kashata.

Je, wajua kwamba tairi lina tarehe ya kuzaliwa?

Tafuta herufi DOT ubavuni, kisha uende hadi mwisho wa mstari. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, kwa sababu hewa na joto huukausha taratibu. Kwa hiyo tairi lenye kashata zilizojaa linaweza kuwa kikongwe aliyepakwa rangi nyeusi. Uingereza, tangu 1 Februari 2021, imepiga marufuku matairi yenye umri wa zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi. Usiingojee sheria: likipita miaka mitano, lipeleke likaguliwe kila mwaka.

Je, wajua kwamba masika hukutana na tairi kwenye mifereji?

Mifereji iliyo kati ya kashata ndiyo njia ya kuyatoa maji. Isipoweza kuyatoa kwa kasi ya gari, tairi hupanda juu ya maji na kuelea, na usukani unakuwa mwepesi ghafla kana kwamba hauna kazi. Likikupata hilo, ondoa mguu kwenye mafuta pole pole, usikanyage breki kwa nguvu wala usikate kona.

Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha milimita 8 hivi. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6, kashata zikilingana navyo, tairi limekwisha. Lakini kwa mvua za Machi hadi Mei usisubiri kufika huko, kwani uwezo wa kutoa maji hupungua mapema zaidi. Kipara ambacho Januari kilikuwa kikijikongoja kwenye lami kavu, Aprili kinaweza kuua.

Je, wajua kwamba kupunguza upepo wakati wa joto ni hatari?

Madereva wengi huamini kuwa jua likiwaka, tairi litolewe upepo kidogo lisipasuke. Mambo ni kinyume. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja ubavuni kila linapozunguka. Kujikunja huko huzalisha joto, na joto ndilo linalolipasua. Pima asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi, na ufuate kibandiko kilichopo kwenye mlango wa dereva. Likipata moto njiani na kipimo kikapanda, liache.

Mahali pa kupunguza upepo ni mchangani. Madereva wa Oman wanaoingia kwenye machuguu ya mchanga ya Sharqiya hutoa upepo ili tairi litandae na lisizame, na wakirudi kwenye lami wanaujaza tena kabla ya kuongeza mwendo.

Je, wajua kwamba tairi la kibabe si lazima liwe bora?

Matairi ya magari ya juu huandikwa H/T, A/T au M/T. H/T ni ya lami. A/T huchanganya lami na vumbi. M/T, yenye kashata kubwa zilizoachana, ni ya matope. M/T huunguruma kwenye lami, hula mafuta, na lami ikilowa hushika kidogo kwa sababu mpira unaogusa chini ni mchache. Kama safari zako tisa kati ya kumi ni za mjini, chagua kwa hizo tisa.

Je, wajua kwamba matairi mawili mapya hufungwa nyuma?

Watu wengi huyafunga mbele. Lakini mbele ikiteleza, dereva huhisi kwenye usukani na kupunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, gari huzunguka kabla hajajua. Kwa hiyo yenye kashata nyingi yakae nyuma, hata kama injini inavuta kwa mbele.

Tairi likishachoka, tunajua pa kulipeleka: Tanzania linakuwa katambuga, Kenya linakuwa akala, nalo litatembea miaka mingi bila kumdhuru mtu. Lenye kipara lianze kazi hiyo mapema, kabla halijachukua roho barabarani. Leo jioni ukiegesha gari, washa tochi ya simu, inama, soma zile tarakimu nne za mwisho kwenye kila tairi. Usilisahau la spea.